Treni za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma

Treni za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma ni huduma za usafiri wa reli zinazounganisha jiji kubwa la biashara la Tanzania na makao makuu ya nchi. Huduma hizo zinaendeshwa na Shirika la Reli Tanzania (TRC) juu ya njia mbili tofauti. Ya kwanza ni reli ya zamani, maarufu kama Reli ya Kati au MGR, iliyoanza kujengwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Ya pili ni reli ya kisasa, maarufu kama SGR, iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2024.

Kwa kuwa njia ni mbili na kila njia ina treni za aina zaidi ya moja, msafiri analazimika kuchagua. Treni hizo zinatofautiana kwa mwendo, nauli, vituo zinavyosimama, mizigo zinayopokea na mahali zinapomfikisha abiria. Makala hii inaeleza tofauti hizo na jinsi zinavyomgusa msafiri, hasa yule ambaye safari yake haiishii Dodoma bali inaendelea mikoa ya jirani kama Singida.

Umbali wa reli kati ya miji hiyo miwili ni takribani kilomita 450.

Historia

Reli ya zamani

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakati Tanganyika ilipokuwa sehemu ya koloni la Ujerumani katika Afrika ya Mashariki. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka 1914. Upana wake ni milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, yaani mita moja kamili, na ndiyo asili ya kuitwa reli ya mita moja. Tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928, chini ya utawala wa Waingereza.

Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda chini ya shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda shirika lake yenyewe. Mwaka 2007 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni ya TRL, ambayo hisa zake asilimia 51 zilikuwa za RITES, kampuni ya serikali ya India, na asilimia 49 za Serikali ya Tanzania. Mpango huo ulikusudiwa kudumu miaka 25, lakini ulivunjwa na kufikia mwaka 2011 shughuli zote zilikuwa zimerudi mikononi mwa serikali. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliunganisha TRL na RAHCO, kampuni iliyokuwa ikimiliki miundombinu ya reli, na kuunda upya Shirika la Reli Tanzania.

Reli ya kisasa

Jiwe la msingi la reli ya kisasa liliwekwa na Rais John Magufuli tarehe 12 Aprili 2017. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kina urefu wa kilomita 205, na cha Morogoro hadi Makutupora, katika wilaya ya Manyoni mkoani Singida, kina kilomita 336. Vipande vyote viwili vilijengwa na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki. Katika kipande cha kwanza ilishirikiana na Mota-Engil ya Ureno. Reli hii ina upana wa milimita 1,435, inatumia umeme, na imesanifiwa ili treni za abiria ziweze kwenda hadi kilomita 160 kwa saa.

Abiria walianza kusafiri kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huduma hiyo rasmi tarehe 1 Agosti 2024.

Umuhimu wa njia hii uliongezeka kutokana na uamuzi wa kuhamishia serikali Dodoma. Uamuzi wenyewe ulipitishwa mwaka 1973, lakini uhamaji wa wizara na ofisi kuu ulishika kasi kuanzia mwaka 2016. Tangu hapo watumishi wa umma, wanafunzi wa vyuo, wafanyabiashara na wananchi wenye mashauri katika ofisi za serikali wamekuwa wakisafiri mara kwa mara kati ya majiji haya mawili.

Aina za treni

Treni ya kawaida ya SGR

Hii huvutwa na kichwa cha umeme na husimama katika vituo vya kati. Vituo vya reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma ni Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu. Treni ya kawaida hutumia takribani saa nne hadi Dodoma. Ndiyo treni ya SGR yenye nauli ya chini, na ndiyo inayomfaa anayepanda au kushuka katika kituo kidogo.

Treni ya haraka ya SGR

Treni ya haraka hupita vituo vidogo bila kusimama. Kituo chake kikuu cha katikati ni Morogoro. Muda wa safari hupungua na kuwa takribani saa tatu na nusu au chini kidogo. Nauli yake ni kubwa kuliko ya treni ya kawaida, na ina madaraja ya juu kwa wanaotaka viti vipana na nafasi zaidi.

Mchongoko

Mchongoko ni jina ambalo wananchi wamelipa treni ya EMU kutokana na pua yake iliyochongoka. Tofauti yake na treni nyingine ni kwamba haina kichwa kinachojitegemea. Mitambo ya umeme imegawanywa katika mabehewa yenyewe, hivyo huongeza na kupunguza mwendo kwa wepesi zaidi. Tanzania iliagiza seti 10 za treni hizo kutoka kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Kila seti ina mabehewa manane na inabeba abiria 589. Zilianza kazi tarehe 1 Novemba 2024.

Wengi hudhani kuwa mchongoko ni lazima ufike mapema kuliko treni ya kichwa. Sivyo siku zote. Muda wa kufika hutegemea zaidi idadi ya vituo ambavyo treni husimama kuliko umbo lake. Kwa hiyo abiria anapaswa kusoma saa ya kuondoka na saa ya kufika kwenye ratiba, badala ya kuchagua kwa jina la treni.

Treni ya reli ya zamani

Treni za MGR hutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, Mwanza na Mpanda, na Dodoma ni mojawapo ya vituo vyake vikubwa njiani. Haziondoki kila siku, na safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma huchukua usiku kucha au zaidi. Madaraja yake ni la tatu, la pili kukaa, la pili kulala lenye vitanda sita katika chumba, na la kwanza kulala lenye vitanda viwili. Huwa na behewa la chakula na behewa la mizigo.

Treni hii ndiyo yenye nauli ya chini kuliko zote katika daraja la tatu. Husimama katika vituo vingi ambavyo SGR haivifikii, vikiwemo vya mkoa wa Singida: Makutupora, Saranda, Manyoni na Itigi.

Nauli

Nauli za treni na mabasi hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Kwa treni ya kawaida ya SGR, nauli iliyotangazwa mwaka 2024 ilikokotolewa kwa Sh 69.51 kwa kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam ilikuwa kama ifuatavyo:

- Pugu: Sh 1,000
- Soga: Sh 4,000
- Ruvu: Sh 5,000
- Ngerengere: Sh 9,000
- Morogoro: Sh 13,000
- Mkata: Sh 16,000
- Kilosa: Sh 18,000
- Kidete: Sh 22,000
- Gulwe: Sh 25,000
- Igandu: Sh 27,000
- Dodoma: Sh 31,000

Mtoto wa chini ya miaka minne hasafirishwi kwa nauli, na mwenye miaka minne hadi 12 hulipa nusu. Kwa mfano, baba na mama wanaosafiri kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma na watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa miaka minane, watalipa Sh 31,000 mara mbili na Sh 15,500 kwa mtoto mkubwa, jumla Sh 77,500.

Ili kuona kama nauli hiyo ni kubwa au ndogo, inafaa kuilinganisha na basi. Mnamo Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli ya basi la kawaida kuwa Sh 48.47 kwa kilomita, na ya basi la daraja la kati kuwa Sh 67.84. Kwa safari ya kilomita 450, viwango hivyo vinatoa takribani Sh 21,800 kwa basi la kawaida na Sh 30,500 kwa basi la daraja la kati. Hii ina maana kwamba treni ya kawaida ya SGR ilipangiwa nauli inayokaribiana sana na ya basi la daraja la kati, huku ikitumia karibu nusu ya muda wake. Lakini kwa mtu aliyezoea basi la kawaida, tofauti ni zaidi ya Sh 9,000 kwa kila mtu mzima. Kwa familia ya watu wanne au watano, tofauti hiyo inaweza kuwa nauli nzima ya mtu mmoja au zaidi.

Nauli hubadilishwa na mamlaka mara kwa mara. Viwango vilivyotajwa hapa ni vya mwanzo wa huduma, na msafiri anapaswa kuulizia vinavyotumika siku anayosafiri.

Mambo ya kuzingatia katika kuchagua

Muda wa safari nzima

Kosa la kawaida ni kuhesabu muda ambao treni iko relini tu. Safari huanza mlangoni pa nyumba na huishia mlangoni pa mwenyeji. Abiria wa SGR hutakiwa kufika stesheni mapema, takribani saa mbili kabla ya treni kuondoka, kwa ajili ya ukaguzi wa tiketi, kitambulisho na mizigo.

Tuchukue mfano wa mtu anayeishi Mbezi, jijini Dar es Salaam, karibu na kituo kikuu cha mabasi ya mikoani. Akipanda basi, atafika Dodoma baada ya saa nane au tisa. Akichagua treni ya kawaida, atahitaji labda saa moja na nusu kufika katikati ya jiji, saa mbili za kusubiri, saa nne za safari, na nusu saa ya kutoka stesheni ya Dodoma hadi mjini. Jumla ni saa nane. Faida ya muda karibu yote imekwisha, ingawa bado amesafiri kwa utulivu zaidi. Kinyume chake, mtu anayeishi Kariakoo, Ilala au Kurasini anafika stesheni kwa muda mfupi, na kwake treni inaokoa saa kadhaa. Anayeishi Gongo la Mboto au Pugu anaweza kupandia kituo cha Pugu, mradi ahakikishe kwanza kuwa treni aliyoichagua inasimama pale.

Kituo cha kupandia na kushukia

Stesheni kuu ya SGR ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, karibu na stesheni ya zamani. Imepewa jina la Magufuli. Kituo kikuu cha mabasi kilichopo Mbezi Luis nacho kinaitwa Magufuli. Mgeni anayemwambia dereva wa bodaboda ampeleke "Magufuli" bila kufafanua anaweza kupelekwa upande mwingine kabisa wa jiji na kuachwa na treni. Ni vizuri kusema wazi "stesheni ya SGR" au "stendi ya mabasi ya Mbezi".

Dodoma nako stesheni ni mbili. Ya reli ya zamani iko mjini kabisa, na mtu huweza kutembea kwa miguu hadi sokoni na maofisini. Ya SGR iko nje kidogo ya katikati ya jiji, upande wa Mkonze, na abiria huhitaji daladala, bajaji au bodaboda.

Mizigo

SGR imewekwa kwa ajili ya msafiri mwenye begi. Mzigo unaoruhusiwa bila malipo katika daraja la kawaida ni kilo 20, na hukaguliwa kwa mashine kabla ya kuingia. Mwenye magunia ya vitunguu, madumu ya mafuta ya alizeti au matenga ya kuku hawezi kuyaingiza kama begi la mkononi. Mtu huyo ana njia mbili: basi, ambalo hupakia mzigo kwenye buti kwa malipo ya makubaliano, au treni ya reli ya zamani yenye behewa la mizigo, ambako mzigo hupimwa na kulipiwa kwa risiti.

Usingizi

Treni za SGR ni za viti tu. Safari ya saa nne haihitaji kitanda. Treni ya zamani ina vitanda. Kwa mgonjwa asiyeweza kukaa muda mrefu, kitanda cha daraja la kwanza au la pili kinaweza kuwa na thamani kuliko mwendo, ingawa safari yenyewe ni ndefu mara kadhaa. Hata hivyo ratiba ya treni ya zamani hutegemea hali ya njia, na haifai kwa mtu mwenye miadi ya hospitali ya saa maalumu.

Saa ya kwenye tiketi

Tiketi na ratiba huandikwa kwa saa za kimataifa zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Hivyo 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi, na 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Njia rahisi ni kutoa sita kutoka saa za asubuhi na mchana. Msafiri aliyesoma 09:30 akadhani ni saa tisa na nusu alasiri atakuta treni imekwisha kufika Dodoma.

Tiketi

Tiketi za SGR hununuliwa stesheni au kwa njia ya mtandao, ambapo mnunuzi hupewa namba ya malipo na kulipia kwa simu au benki. Jina kwenye tiketi linapaswa kulingana na kitambulisho cha abiria, kama kile cha taifa, cha mpiga kura au pasipoti. Nafasi hujaa mapema wakati wa sikukuu, shule zinapofunga, na mwishoni mwa juma.

Usalama na uhakika wa safari

Ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli ya Tanzania ilitokea katika njia hii. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilishindwa kufunga breki ilipokuwa ikipanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma. Ilirudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki dunia. Kwa wakazi wengi wa mikoa ya kati na magharibi, jina Igandu bado linakumbusha msiba huo.

Tatizo jingine la reli ya zamani ni mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe, ambako njia inafuata bonde la mto Mkondoa. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilikata njia hiyo, na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalisimamisha tena safari. Katika eneo hilo reli ya kisasa imepitishwa kwenye mahandaki manne na madaraja marefu, badala ya kufuata kila kona ya mto.

Reli ya kisasa nayo ina udhaifu wake, kwani inategemea umeme bila kukatika. Wiki ya kwanza tu baada ya treni kuanza kwenda Dodoma, mwishoni mwa Julai 2024, treni ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na TRC ilieleza kuwa wanyama kama ngedere na bundi waligusa miundombinu ya nyaya. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye jambo lisiloweza kuahirishwa, kama mtihani, usaili au shauri mahakamani, anashauriwa kusafiri siku moja kabla, au angalau kuacha nafasi ya treni moja ya akiba, hata kama ratiba inaonyesha kwamba atawahi.

Safari ya kuendelea hadi Singida

Ingawa reli ya kisasa imejengwa hadi Makutupora, huduma ya abiria iliyozinduliwa mwaka 2024 inaishia Dodoma. Msafiri wa Singida anabaki na kilomita takribani 240 za barabara hadi Singida mjini. Wa wilaya ya Iramba huongeza safari ya barabara kuu ya kuelekea Nzega, hadi vituo kama Misigiri, panapoachana njia ya Kiomboi, na Shelui.

Kwa msafiri huyu, jambo kubwa ni saa ya kufika Dodoma. Treni ya asubuhi inamfikisha kabla au karibu ya saa sita mchana, naye ana muda wa kuvuka jiji kutoka stesheni ya SGR hadi stendi kuu ya mabasi ya Nanenane, iliyoko upande wa pili, barabara ya Dar es Salaam. Akipata basi la mchana atafika Singida kabla ya usiku kuwa mkubwa. Treni ya alasiri au jioni inamfikisha Dodoma wakati mabasi yamepungua, hivyo atalazimika kulala. Gharama ya nyumba ya wageni na chakula cha usiku ikiongezwa juu ya nauli ya treni na ya basi, safari ya kuunganisha inaweza kuwa ghali kuliko basi la moja kwa moja. Mabasi ya Dar es Salaam hadi Singida, na yale ya Mwanza yanayopita huko, humfikisha msafiri wa Iramba bila kubadili gari.

Anayekwenda Manyoni, Saranda au Itigi ana chaguo la tatu, yaani treni ya zamani, inayomfikisha bila kushuka Dodoma.

Mkoa wa Singida una historia ndefu ya kuwa karibu na reli bila kuifaidi vya kutosha. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ilijenga tawi kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri, kaskazini mwa mkoa wa sasa, lakini liling'olewa katika miaka ya 1940. Baada ya uhuru lilijengwa tawi jipya la Manyoni hadi Singida, lenye urefu wa takribani kilomita 115. Kwa safari za kawaida za abiria kati ya Singida na Dar es Salaam, barabara ndiyo inayotegemewa.

Ulinganisho na nchi nyingine

Swali la treni ipi ichaguliwe kati ya miji miwili mikubwa si la Tanzania peke yake. Nchini Kenya, treni ya Madaraka Express ilianza kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, nayo ina treni ya haraka na nyingine inayosimama vituo vya kati. Inatumia dizeli. Stesheni zake kuu ziko nje ya miji, Miritini kwa Mombasa na Syokimau kwa Nairobi, na abiria wa huko wamejifunza kuhesabu muda na gharama ya kuingia mjini kama sehemu ya safari.

Nchini India chaguo ni pana zaidi. Kati ya Mumbai na Delhi, umbali wa karibu kilomita 1,400, kuna treni ya Rajdhani iliyoanza katika njia hiyo mwaka 1972, ambayo husafiri usiku ikiwa na vitanda na vituo vichache, pamoja na treni nyingine nyingi za nauli ndogo zinazosimama mara kwa mara. Abiria wa India kwa kawaida hupima treni ya usiku kwa hesabu rahisi: anayelala njiani ameokoa mchana mmoja wa kazi na malipo ya nyumba ya wageni. Kwa umbali wa Dar es Salaam na Dodoma hesabu hiyo haihitajiki tena tangu SGR ianze, lakini itarudi reli hiyo itakapofika Mwanza, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200.

Muhtasari wa chaguo

- Anayetoka katikati ya Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa kazi ya siku moja na kurudi: treni ya haraka ya SGR au mchongoko, ya asubuhi.
- Familia au mwanafunzi anayetaka kupunguza gharama bila kuchoka: treni ya kawaida ya SGR.
- Anayepanda au kushuka Kilosa, Kidete, Gulwe au Igandu: treni ya kawaida ya SGR, baada ya kuhakikisha kuwa inasimama hapo.
- Mwenye mzigo mkubwa: basi au treni ya reli ya zamani.
- Anayekwenda Manyoni, Saranda au Itigi: treni ya reli ya zamani siku zinapokuwepo, au basi.
- Anayekwenda Singida mjini au Iramba: treni ya SGR ya asubuhi na basi kutoka Dodoma, kama anathamini utulivu, basi la moja kwa moja, kama anathamini gharama na kutobadili gari.